Je, wajua? Msitu wa taifa Marekani hauna kiingilio

Kwa muda mrefu niliamini kwamba serikali ya Marekani hutoza kiingilio katika ardhi yake yote ya umma. Iwe hifadhi, msitu au jangwa, nilidhani ukifika getini unalipa, na kiasi anapanga mkuu wa eneo. Nilikosea, na ninavyoona wengi tunakosea kwa sababu moja: tunazijua hifadhi za taifa tu. Hizo kweli hutoza. Mount Rainier ilianza kulipisha magari mwaka 1908, na Yellowstone gari binafsi hulipa dola 35.

Lakini sheria ya mwaka 2004 inayotawala ada hizi inaruhusu kiingilio kwa taasisi mbili pekee: ile ya hifadhi za taifa na ile ya samaki na wanyamapori. Idara ya Misitu, yenye ekari zipatazo milioni 193, haimo. Wala haimo ofisi ya ardhi ya umma, yenye ekari kama milioni 245. Yaani sehemu kubwa ya ardhi ya serikali kuu haina kiingilio kabisa.

Basi mbona watu hulipa wakienda misituni? Hapa ndipo sheria inaponivutia. Kinacholipiwa ni huduma, msitu wenyewe haulipiwi. Na katika maeneo mengi, ili ada ya kawaida ya huduma itozwe, lazima vitu sita viwepo: maegesho yaliyotengenezwa, choo cha kudumu, pipa la taka la kudumu, bango la maelezo, meza za kulia chakula, na ulinzi. Ni kama kigoda cha miguu sita, ila hiki ukiondoa mguu mmoja hakikaliki. Meza zikikosekana, ada hiyo haina uhalali, hata choo kiwe kizuri namna gani.

Tena kuwepo kwa vitu hivyo hakutoshi. Mtu anayepita tu, kwa miguu, kwa farasi, kwa mashua au kwa gari, bila kuvitumia, halipi. Tunaikumbuka hekaya ya Abunuwasi na tajiri aliyemdai maskini fedha kwa kunusa harufu ya chakula chake. Bunge la Marekani, kwa lugha kavu ya vifungu, limefikia hukumu ileile: asiyekula hadaiwi.

Jambo hili lilipimwa mahakamani kwa sababu ya Mount Lemmon, katika msitu wa Coronado, Arizona. Idara ya Misitu ilitoza dola 5 kwa siku kwa aliyeegesha gari katika eneo hilo, hata kama aliliacha kando ya barabara akaenda kutembea porini. Hoja yake ilikuwa kwamba vyoo na meza vipo, ingawa vimetawanyika huku na huko. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, yaani moja ya mahakama za rufaa za serikali kuu ambazo kila moja ina eneo lake, iliikataa hoja hiyo. Uamuzi huo unazifunga mahakama za chini katika majimbo kadhaa ya magharibi tu, kwa hiyo usiuchukulie kuwa neno la mwisho kwa nchi nzima.

Kuhusu fedha zenyewe, kwa kawaida angalau asilimia 80 hubaki palepale zilipokusanywa. Nadhani hicho ndicho kifungu bora kuliko vyote, maana mlipaji anaweza kuliona paa la choo alilolichangia.

Mfano wa ajabu zaidi ni Great Smoky Mountains. Hii ni hifadhi ya taifa, ila haina kiingilio, kwa kuwa jimbo la Tennessee lilipokabidhi barabara ya Newfound Gap mwaka 1951 liliweka sharti kwamba wapitao wasitozwe. Tangu Machi 2023, anayeegesha gari humo zaidi ya dakika 15 hulipa dola 5 kwa siku. Katika msitu wa taifa, sheria ya 2004 inakataza kumtoza mtu kwa sababu tu ameegesha kando ya barabara. Katazo hilo halizigusi hifadhi za taifa.