Je, wajua kwa nini ndege aitwaye chozi hufuata maji ya sukari na kuku hana habari nayo?

Wengi huamini kwamba ukitaka ndege wa porini waje uani, weka kitu chochote kitamu na wote watamiminika. Sivyo. Kuku akiwekewa maji ya sukari na maji matupu, hanogewi na yale matamu. Jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo yake ya urithi, ilipochapishwa mwaka 2004, ilionekana kwamba haina jeni iitwayo T1R2. Kwa binadamu, jeni hiyo hutengeneza sehemu ya kipokezi cha utamu ulimini. Ndege wengine waliochunguzwa baadaye nao hawanayo. Hata chozi, anayeishi kwa kufyonza nekta, yaani maji matamu ya maua, hanayo. Sasa yeye sukari huitambuaje?

Jibu lilianzia kwa ndege wavumaji wa mabara ya Amerika, wale wadogo wanaosimama hewani mbele ya ua. Mwaka 2014, mtafiti Maude Baldwin na wenzake walionyesha kwamba ndege hawa hutumia kipokezi kilichokuwa na kazi nyingine. Fikiria kipokezi kama kufuli. Kufuli ya utamu ilipotea zamani sana kwa mababu wa ndege. Ikabaki ya pili, ambayo ufunguo wake ni asidi amino, zile zinazoipa nyama ladha yake. Vizazi kwa vizazi, kufuli hiyo ikachongeka hapa na pale, hadi ufunguo wa sukari nao ukaweza kuifungua. Kwa teleka, jamaa wa wavumaji anayekula wadudu, sukari bado haiifungui.

Na huu si mdomo unaokubali kila kitu. Mvumaji akiwekewa maji matupu mahali alipozoea kupata matamu, huonja kidogo, hutikisa kichwa na kuondoka. Aspatemu, kitamu bandia kinachotulaghai sisi, nayo huikataa.

Chozi yuko kwenye ukoo mwingine kabisa, wa ndege waimbao. Utafiti wa mwaka 2021 uligundua kwamba ukoo huo nao uliichonga kufuli ileile, lakini sehemu tofauti, na mapema sana katika historia yake. Ndiyo maana hata kanari, mla mbegu, huvutiwa na maji ya sukari. Njia mbili, kufuli moja: kwangu hili ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa katika elimu ya ndege. Ila tusiongeze chumvi. Majaribio hayo yalipima seli na uchaguzi wa kinywaji. Hayathibitishi kwamba chozi anasikia utamu kama tunavyousikia sisi.

Tena kuonja ni jambo moja, kusaga chakula ni jingine. Kwezi wa Ulaya ni ndege mwimbaji pia, lakini utumbo wake hauna kimeng'enya cha kuvunja sukrosi, ambayo ndiyo sukari yetu ya mezani. Akila nyingi huharisha. Glukosi na fruktosi, sukari sahili za matunda, hazimsumbui, kwa hiyo yeye na ndege kama yeye wawekee zabibu au tini zilizoiva.

Kwa wafyonza nekta, koroga kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji. Rangi nyekundu haihitajiki. Chombo chenyewe kikiwa chekundu kinatosha kuwavuta. Asali usitie, kwa kuwa ikichanganywa na maji huchacha na kuota kuvu upesi. Kukiwa na joto kali, badilisha maji hayo kila siku au kila baada ya siku mbili, na usugue chombo kabla ya kukijaza tena.