Tobo halizamishi meli, jamani

Jana tena. Nipo kijiweni nasubiri kahawa, jamaa mmoja anawaonesha wenzie picha kwenye simu, manowari nzima imepakiwa juu ya meli nyingine kama ng'ombe kwenye fuso, anasema hii ndo ile manowari ya makombora ya Marekani, Iran waliipiga kombora watu 37 wakafa, ona tobo hilo, hapo meli imekwisha. Kahawa nimeiacha. Miaka yote hii nafundisha mabaharia kuokoa meli na bado hadithi hii inanifuata kama bili ya maji.

Makosa mepesi niyamalize haraka. Watu 37 walikufa kwenye USS Stark, Mei 17, 1987, na aliyepiga ni ndege ya Iraq, siyo Iran, kwa makombora mawili ya Exocet. Ya kwenye picha ni USS Samuel B. Roberts, Aprili 14, 1988, na haikupigwa kombora lolote, iligonga bomu la Iran lililotegwa majini na hakufa hata mtu mmoja. Zote ni frigeti, yaani manowari za ukubwa wa kati, za aina ya Perry, ndo maana watu wanazichanganya. Na hilo neno "ya makombora" lisikutishe, kuanzia 2003 Wamarekani waling'oa mitambo ya kurushia makombora kwenye frigeti zao hizo, kwahiyo miaka yake ya mwisho Roberts iliitwa meli ya makombora ikiwa haina kitu, kama mtaa wa Mchikichini usio na mchikichi.

Sasa hili la tobo ndo linaloniudhi.

Bomu lenyewe ni M-08, muundo wa Warusi wa 1908, limemzidi umri hadi babu yangu. Mlinzi wa omo, ncha ya mbele ya meli, aliona mabomu yanaelea, nahodha Paul Rinn akaanza kurudi kinyumenyume kwa njia ileile waliyojia, akakanyaga jingine ambalo hakuna aliyeliona. Ubavu ukapasuka tobo la mita 4 na ushee, mkuku, uti wa mgongo wa meli, ukavunjika, tabaini zote mbili, ndo injini zake, zikang'oka kwenye vitako vyake, chumba cha injini kikajaa maji, moto ukapanda juu. Majeruhi 10.

Mtu wa kijiweni akiona hivyo anafikiria mtumbwi, ukitoboka mnafua maji, mkichoka mmezama. Manowari siyo mtumbwi, ndani imegawanywa vyumba kwa kuta zisizopitisha maji. Chumba kimoja kikijaa hadi usawa wa bahari ya nje, yale maji yameshatulia, ni mzigo tu, meli inakaa chini kidogo basi. Yanayoua ni maji yanayopenya ukuta kwenda chumba cha jirani, halafu maji yanayocheza, na haya ya kucheza ndo hakuna anayenielewa mpaka nitoe beseni.

Darasani naelesha beseni kwenye tanki, namimina vikombe vitatu, namwambia mwanafunzi lisukume kidogo kwa kidole. Linainama, maji yote yanakimbilia upande uleule, linazidi kuinama, kwaheri. Kisha namwaga maji naweka jiwe la uzito uleule katikati, sukuma tena, linayumba linarudi. Uzito ni uleule! Meli inaweza kupinduka bila tobo kabisa, MV Bukoba ilipinduka Mei 1996 na hakuna bomu wala mwamba ulioitoboa.

Na kwenye manowari inayoungua, maji yanayocheza yanatoka wapi? Kwenye mipira ya kuzimia moto, mnamwaga wenyewe. Stark iliinamia ubavu mmoja kwa maji ya wazima moto wake. Roberts ilikuwa mwaka mmoja tu baadaye na somo lile walikuwa nalo kichwani, kwahiyo moto ukiwa bado unawaka Rinn akaamua ugomvi wa kwanza ni wa maji, watu wahamie kwenye kuta, wakaze kwa mbao na kabari, wavute pampu. Walipambana hivyo kwa muda wa karibu saa tano. Kwenye ujia mmoja kulikuwa na bamba lenye majina ya mabaharia wa Roberts ya kwanza, iliyozamishwa 1944, wanaopita wakawa wanaligusa kwa mkono na kuendelea.

Hapa niseme kitu ambacho kwenye silabasi hakipo. Siku 4 baadaye Marekani walilipiza, frigeti ya Iran iitwayo Sahand ikapigwa, moto ukafika kwenye ghala la silaha ikalipuka ikazama. Kwahiyo moto nao siyo wa kuupuuza, na kwenye Roberts palepale watu walikuwa wanahamisha risasi kwa mikono kutoka ghala lililokuwa linapata joto. Nafundisha "maji kwanza" kwa sauti kubwa sana, lakini mimi mwenyewe sijawahi kuupa moto mgongo na sijui kama miguu yangu ingekubali. Pia kuna waya za chuma walizofunga mabaharia wa Roberts kuvuka nyufa za juu ili meli isikatike, wanafunzi wanazipenda mno, mimi nina wasiwasi kama zilishika meli au zilishika mioyo ya watu.

Ile picha ya kwenye simu sasa. Ni Mighty Servant 2, meli ya kubebea meli nyingine, inaitoa Roberts Dubai kuipeleka Newport, Marekani. Mafundi wa Bath Iron Works, kampuni iliyoiunda, wakakata sehemu ya chumba cha injini, wakaunda kipande kipya cha tani 315 pembeni, wakakipandisha kwa jeki mpaka mahali pake na kukichomelea. Dola milioni 89.5, kwa bomu ambalo linasemwa bei yake ni kama dola 1,500. Vita ya Ghuba ilipoanza Roberts ilikuwa Bahari ya Shamu inakagua meli za mizigo, ikaendelea kutumika mpaka Mei 22, 2015. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi baada ya "imekwisha".

Kesho nakwenda kijiweni na beseni.