Weka rula chini

Imetokea tena. Mchezaji wangu, katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ninaouendesha, kalaza rula juu ya ramani ya nchi ya kubuni niliyochora, kapima sentimita, kazidisha kwa skeli, kisha ananiambia kwa uhakika kabisa kwamba msafara utafika baada ya siku 9. Jamani, nani kawafundisha haya?

Najua, ni kanuni. Toleo la 5 la Dungeons & Dragons linatoa maili 24 kwa siku kwa mwendo wa kawaida; heksi (vyumba vya pembe sita vinavyogawa ramani) zetu wengi ni za maili 6; basi heksi 4 kwa siku. Kwa safari ya kijijini hadi pangoni, haina ubaya. Ukiitandaza juu ya bara zima, inadanganya.

Chukua Bagamoyo na Ujiji. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,000, kwa hiyo kwa kanuni hiyo mwezi hautimii. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Ujiji Februari 1858. Palikuwa na homa, wapagazi kutoroka, majuma ya kukaa Tabora, na palikuwa na hongo: ukipita Ugogo, mtemi anataka nguo na shanga zake kwanza, na mazungumzo hayo yanakula siku. Hayo ndiyo ya kuchora! Mimi naanza na visima, na kando ya kila kisima naandika mwenye kisima ni nani na anadai nini. Milima naimwaga baadaye, popote panapopendeza.

Baharini ndiko ninakochoka kabisa. Mtu anachora nukta toka bandari hadi bandari, anaandika “siku 12”, kwenda na kurudi. Kurudi kwa upepo upi? Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi, inayarudisha. Na kusi ikikaza, bahari inachafuka hata nahodha mwenye tamaa hatweki tanga. Njia ni ileile, lakini kwenda ni majuma machache, na kurudi huenda kukaanza kwa kungoja miezi.

Sasa sogea kusini. Ukishuka mno, msimu unakuacha na hutaweza kurudi Uarabuni mwaka huohuo. Kilwa ilikaa karibu na ukomo huo, na hilo lilichangia dhahabu ya Sofala, kusini zaidi, kupitia mikononi mwake. Bandari kuu ya kampeni yako (hadithi ndefu mnayoicheza) iweke mahali pa namna hiyo, ambapo mgeni lazima aamue: ageuze tanga leo na bidhaa nusu, au abaki hadi msimu mwingine, apange nyumba, akope, pengine aoe. Mji umejaa watu wanaosubiri upepo na madeni yao. Mhusika mwizi wa kundi lako hatakosa kazi.

Vitabu vya mwongozo havitakuambia kwamba kalenda inachosha. Mezani kuna watu waliokuja kurusha kete na kuua joka. Ukianza kuwahesabia miezi ya upepo, wanashika simu. Ukiificha nyuma ya skrini ya mwendesha mchezo, wanasema unawaonea, na sina hakika kama wamekosea. Kwa sasa nakala yao ya ramani ina mishale miwili ya upepo, bila miezi. Anayetaka miezi aende gatini akamtafute baharia mzee, na kahawa alipe yeye.