Denis Irwin hakuwa mtu wa mguu wa kushoto

Kwa kuwa Manchester United ilimchezesha kushoto kwa takriban miaka kumi, mashabiki wengi bado wanaamini Denis Irwin alizaliwa beki wa kushoto. Sivyo. Mwana huyu wa Cork, Ireland, alitumia zaidi mguu wa kulia.

Alinunuliwa kutoka klabu ya Oldham mwaka 1990 kwa pauni 625,000, na msimu wa kwanza alicheza kulia. Hata fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya ya 1991 dhidi ya Barcelona alianza upande huo, kushoto akiwa Clayton Blackmore. Alipokuja Paul Parker, beki wa kulia, Irwin akahamishiwa kushoto, akabaki. Ila timu ya taifa ya Ireland iliendelea kumpanga kulia: Italia ilipofungwa 1-0 kwenye Kombe la Dunia 1994, kushoto alikuwa Terry Phelan.

Beki wa mguu wa kulia akipangwa kushoto huwa na tatizo moja kubwa: akifika karibu na chaki, yaani mstari wa pembeni, lazima arudishe mpira ndani kabla ya krosi, na hapo mpinzani anapata muda wa kujipanga. Irwin alipona kwa sababu mguu wake wa kushoto nao ulipiga krosi safi bila kusita. Ndiyo maana watu walidanganyika.

Lakini tazama mipira iliyosimama. Faulo aliyofunga Anfield, uwanja wa Liverpool, Januari 1994, katika sare ya 3-3, aliipiga kwa kulia. Penalti zake pia.