Wote Kimya, Kila Mmoja Akidhani Yuko Peke Yake

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Tanga nasikiliza mengi: madeni, ndoa zinazoyumba, kijana aliyeacha shule, huzuni isiyotaka kuondoka. Nikichimba kidogo, mara nyingi nakuta hofu ileile imelala chini yake: watu watasemaje? Mtu anajua kinachomuumiza, na pengine anajua hata dawa yake. Kinachomfunga ni macho ya mtaa.

Chukua mfano wa shughuli. Mama wa Makorora anauza vitumbua na chai asubuhi. Anaalikwa harusini, anaambiwa sare ni kitenge fulani, mshono fulani, na mchango wake ni kiasi fulani. Anachota kwenye mtaji. Kabla mtaji haujarudi, inakuja singo, sherehe ya wanawake kabla ya harusi, ya binti wa jirani, na kitenge kingine. Siku sufuria inapokosa unga, anakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, mikopo ya riba kali, anaacha rehani televisheni, na mume hajui. Nikimuuliza kwa nini hakusema tu kwamba safari hii hana, jibu huja haraka: “Watasema nimefulia. Na siku yangu hawatakuja.”

Hofu hiyo si ya kuidharau. Kutengwa mtaani ni adhabu ya kweli, hasa kwa mtu ambaye akiba yake ni watu. Bima ya wengi wetu ni majirani watakaokuja msibani na watakaomsaidia mzazi kulea. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu apuuze maneno ya watu kisha nikahesabu kwamba nimemshauri.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, aliwaonyesha vijana wa chuo mstari mmoja, kisha mitatu mingine, akawauliza upi unalingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini katika kila kundi, wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo, kwa sauti, na kwa pamoja. Yule mmoja asiyejua mpango huo akasikiliza wenzake, kisha zamu yake ikafika. Karibu watatu kati ya wanne waliufuata uongo angalau mara moja. Baadhi yao walieleza baadaye kwamba ukweli waliuona, ila hawakutaka kuwa tofauti na wenzao. Tena hilo lilikuwa suala la mistari tu. Fikiria sasa wifi, mama mkwe na kundi zima la upatu.

Kinachonisumbua zaidi ni kile kinachofuata. Watu wote wakificha wanachofikiri, kila mmoja huangalia nyuso za wenzake na kuamini kwamba wao wameridhika. Deborah Prentice na Dale Miller waliliona hili kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993. Wanafunzi wengi walikuwa na wasiwasi na ulevi wa pale chuoni, lakini kila mmoja akadhani wenzake hawana wasiwasi kama wake. Kadiri muhula ulivyosonga, wavulana walibadilisha misimamo yao kuelekea ule waliodhani ni wa wengi. Walikuwa wanamfuata mtu asiyekuwepo.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia, uliochapishwa mwaka 2020 na watafiti Leonardo Bursztyn, Alessandra González na David Yanagizawa-Drott. Wanaume waliooa waliulizwa kwa siri kama wanaafiki mwanamke afanye kazi nje ya nyumba. Walio wengi sana waliafiki. Walipoulizwa wenzao wangesemaje, wengi walikadiria chini mno. Kisha baadhi yao wakaambiwa ukweli wa majibu ya wenzao. Kwa walioambiwa, walioandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafutiwa kazi walifika asilimia 32. Kwa wasioambiwa ilikuwa asilimia 23. Hakuna aliyehubiriwa wala kukemewa. Waliambiwa tu jirani zao wanafikiri nini.

Hapo ndipo kuhukumu kunapoitia jamii hasara kubwa, kwa maoni yangu. Mtu mmoja akisutwa hadharani, wanaoumia ni pamoja na kila aliyesimama pembeni akitazama, kwa sababu wote wanajifunza kunyamaza. Desturi ambayo pengine hakuna anayeitaka inaendelea kuishi miaka, inalishwa na ukimya huo. Naona jambo hilohilo kwenye maradhi ya akili: familia humficha kijana ndani, huzunguka naye gizani kutafuta tiba, na anapofikishwa hospitali hali imeshakuwa nzito. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayeficha huwa ameshasikia majirani walivyomsema mgonjwa mwingine.

Sisemi jicho la mtaa halina faida. Mtoto anayezurura saa za shule akaulizwa na mzee yeyote barazani amelindwa. Tofauti ni kwamba mzee yule anauliza, anasikiliza jibu, na kesho anamwita kwa jina lake. Hukumu ninayoilalamikia haiulizi. Inaona mlango umefungwa, inasema mwenye nyumba anaringa. Haijui kwamba hana cha kumkaribishia mgeni.

Kikundi kimoja cha akina mama cha huku Ngamiani kilinialika nizungumzie madeni. Niliomba kwanza kila mmoja aandike kwenye kikaratasi, bila jina, kama angependa sare za shughuli ziendelee kuwa lazima. Vikakunjwa, vikatiwa kwenye ungo, mweka hazina akavisoma kwa sauti. Wengi mno waliandika hapana. Walitazamana kwa mshangao, kisha mazungumzo yakafunguka. Walikubaliana kanga yoyote safi inatosha, na mchango utiwe kwenye bahasha isiyo na jina.

Kama mnataka kujaribu kwenye kikundi chenu, ulizeni swali moja tu, kabla ya mjadala wowote. Wote waandike kwa kalamu za rangi moja, asiyejua kuandika achore alama. Kiongozi na wazee wasitoe maoni kabla ya hesabu kusomwa, maana wakishasema, kikaratasi kitarudia maneno yao. Na hesabu isomwe palepale, mbele ya wote. Asch alipomweka chumbani mtu mmoja tu aliyesema kweli, makosa yalishuka hadi karibu robo ya yale ya awali. Kwenye ungo wa Ngamiani, kila mmoja alikuta wenzake si mmoja, ni wengi.