Mtoto Bado Anacheua, Dawa Haisaidii: Kabla ya Kuongeza Dozi

Wazazi wengi hufika kliniki na chupa ya dawa ya asidi mkononi na ombi moja: mtoto aongezewe dozi au apewe dawa kali zaidi. Kila akinyonya anacheua, analia, anapinda mgongo, na nyumbani hakuna anayelala. Ombi hilo tunalielewa kabisa. Lakini dawa inaposhindwa, mara nyingi jibu halimo katika dawa nyingine. Inabidi kuuliza upya: ni nini hasa kinachomsumbua mtoto huyu?

Dawa kama omeprazoli hupunguza asidi tumboni. Haizuii maziwa kupanda. Maziwa hupanda kwa sababu msuli unaofunga mwisho wa umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, hulegea mara kwa mara, chakula cha mtoto ni cha majimaji, na muda mwingi amelala. Kwa hiyo mtoto anaweza kumeza dawa vizuri kila siku na bado akalowesha nguo zake zote. Kucheua kwa kawaida huanza kabla ya wiki ya 8, hushika kasi karibu na miezi 4, kisha hupungua. Watoto takriban 9 kati ya 10 huwa wameacha wanapofikisha mwaka.

Na kilio? Hapo ndipo matumaini ya wazazi hukaa, na hapo ndipo dawa huangusha zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watoto 162 waliokuwa wakilia wakati wa kunyonya au baada yake waligawanywa makundi mawili: moja lilipewa lansoprazoli, dawa ya kundi moja na omeprazoli, jingine dawa ya kuigiza isiyo na tiba ndani yake. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 54 katika kila kundi. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliotumia dawa halisi walipata zaidi maambukizi makali ya kifua. Asidi ya tumbo ni kinga dhidi ya vijidudu, na ndiyo maana tunasita kuizima bila sababu nzito.

Wapo watoto wanaoihitaji kweli, hasa ambao umio wao umechubuka. Kwa hao, kwanza hakikisha dawa inatolewa ipasavyo. Omeprazoli hufanya kazi vizuri ikitolewa karibu nusu saa kabla ya kunyonya, chembechembe zake hazisagwi, na dozi hufuata uzito, ambao katika umri huu hubadilika haraka. Muulize pia daktari jaribio hili la dawa litaisha lini. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 8, kisha mtoto anapimwa upya. Dawa isiyosaidia haina sababu ya kuendelea, ila usiikatishe mwenyewe.

Jambo ambalo ningependa kila mzazi aliulize ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Dalili zake hufanana sana na za kucheua kwa asidi, na dawa ya asidi haiugusi. Ushuku mzio huu zaidi mtoto akiwa na ukurutu wa ngozi, kinyesi chenye kamasi au damu, au kuhara kusikokwisha. Miongozo ya mwaka 2018 ya vyama vya madaktari wa tumbo la watoto vya Ulaya na Amerika Kaskazini inataka mzio huu uchunguzwe kabla ya kukimbilia dawa za asidi. Mama anayenyonyesha huacha maziwa ya ng'ombe na vyote vyenye maziwa hayo kwa wiki 2 hadi 4, huku akihakikisha anapata kalsiamu kwingine. Anayetumia maziwa ya kopo hupewa na daktari yale maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Maziwa ya mbuzi si mbadala, kwani protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Nafuu ikija, maziwa hurudishwa kwa uangalizi ili kuthibitisha. Bila hatua hiyo, mama anaweza kujinyima miezi mingi bure.

Halafu kuna kiasi. Kwa anayetumia chupa, wastani wa mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku humtosha katika miezi ya kwanza. Tumbo likijazwa kupita uwezo wake, lazima lirudishe. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi zaidi. Anayenyonya titi asiachishwe. Kagua namna anavyolishika titi, na kama maziwa yanatoka kwa kasi, mama aegemee nyuma anaponyonyesha. Kufanya maziwa ya chupa yawe mazito zaidi hupunguza kucheua kwa baadhi ya watoto, lakini kufanywe kwa ushauri wa daktari, hasa kwa njiti. Asali ni marufuku kabla ya mwaka mmoja.

Baada ya kunyonya mbebe wima dakika 20 hadi 30. Akilala, alale chali, mahali tambarare, bila mto wala kitanda kilichoinuliwa. Wazazi huogopa kwamba atapaliwa. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio, hivyo maziwa yanayopanda hayaingii humo kirahisi. Kumlaza kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla.

Akitapika kijani au damu, akirusha matapishi kwa nguvu kila anaponyonya, tumbo likivimba, utosi ukituna, akiwa na homa, akilegea au akikosa pumzi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Asiyeongezeka uzito naye anahitaji uchunguzi, vilevile aliyeanza kucheua baada ya miezi 6. Mtoto anayepanda vizuri kwenye kadi ya kliniki ana afya, hata akilowesha mabega yenu mchana kutwa.

Kilio cha watoto wote huongezeka hadi karibu wiki ya 6, kisha hutulia kufikia miezi 3 au 4. Hilo halipunguzi uchovu wenu usiku wa leo. Pokezaneni zamu. Ukihisi hasira inakupanda, mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka dakika chache, umpigie simu mtu. Usimtikise kamwe. Na ukija kliniki, tuambie hali yako pia, kama hulali au unalia peke yako. Huzuni baada ya kujifungua inatibika, na kuitibu ni sehemu ya kumtibu mtoto.