Land Rover ikitolewa gia boksi, hendibreki nayo imeondoka

"Mwalimu, nimeshavuta hendibreki!"

Mwanafunzi wangu alisema hivyo akiwa ameshashuka garini, na alikuwa anasema kweli. Wenzake sita walikuwa wameisukuma Land Rover 109, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, kutoka karakana hadi kwenye banda la rangi. Yeye alikuwa kwenye usukani. Walipofika akavuta mkono wa hendibreki, meno yake yakalia krr-krr kama siku zote, akafungua mlango na kuruka chini. Gari likatulia kwa pumzi mbili tatu, kisha likaanza kurudi nyuma lenyewe, polepole, mpaka ukuta wa stoo. Taa moja ya nyuma ikavunjika. Hakuna aliyeumia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesimama kati ya gari na ukuta. Nashukuru Mungu mpaka leo.

Siku tatu kabla ya hapo tulikuwa tumeshusha injini na gia boksi ya gari hilo. Mkono wa hendibreki ulibaki mahali pake, umefungwa kwenye chasisi, na meno yake mazima. Kilichoondoka ni breki yenyewe.

Waliofika Arusha kwenye tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 waliona jinsi magari haya ya zamani yanavyopendwa. Wenye nazo wengi wanazifufua kidogo kidogo, kadiri pesa inavyopatikana: injini iko kwa fundi mmoja, bodi inakwenda kwa mwingine wa kupiga rangi au kuchomelea. Kati ya fundi na fundi gari linavutwa kwa magurudumu yake manne, likiwa tupu mbele. Na kila mara nasikia maneno yaleyale: "Hili sasa ni jepesi, halina shida." Ni kweli ni jepesi zaidi. Injini ya petroli ya lita 2.25 pamoja na gia boksi na transfa yake, yaani boksi la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma, ni zaidi ya kilo 300. Lakini 109 iliyotolewa vyote hivyo bado inazidi tani moja, na katika kuivuta, kuifanya iende ndiyo kazi ndogo. Kazi iko katika kuisimamisha, na kilichotolewa ni sehemu kubwa ya vitu vilivyokuwa vinaisimamisha.

Nieleze hendibreki kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapokosea, hata mafundi wazoefu waliozoea magari ya Kijapani. Katika magari madogo mengi, hendibreki inakaza breki za magurudumu ya nyuma kwa waya. Land Rover haikutengenezwa hivyo. Tangu ya kwanza ya mwaka 1948 hadi Defender za umbo la zamani za mwisho zilizotoka kiwandani mwaka 2016, hendibreki yake ni dramu moja iliyoko nyuma ya transfa, inayokamata propela shafti ya nyuma, lile bomba la chuma linalopeleka mzunguko kwenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli. Ukiivuta unaizuia propela, propela inaizuia difu, difu inazuia magurudumu. Waliobuni walikuwa na akili nzuri: difu ya Land Rover za Series, zile za zamani kabla ya Defender, ina uwiano wa 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja, kwa hiyo dramu ndogo tu ikishika propela, nguvu yake kwenye magurudumu inaongezeka karibu mara tano.

Ila mnyororo huo ukikatika popote, breki haipo. Ukishusha gia boksi na transfa, umeishusha na dramu. Ukiondoa propela ya nyuma peke yake, dramu ipo lakini haina cha kushika. Hafu shafti moja ya nyuma, ile inayotoka difu hadi gurudumu, ikivunjika, mambo ni yaleyale. Hata gari zima lina mtego huu: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke, na lile lililobaki chini nalo likazunguka upande wa pili, huku hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Nimemwona mtu mzima anayejua kazi yake akichomoka chini ya gari kwa kujiviringisha kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kigingi cha tairi, cha mbao ngumu na kilichokatwa kwa mshazari, kiwe ndani ya kila Land Rover. Jiwe la barabarani linateleza.

Injini nayo ilikuwa breki. Kila dereva anayeshuka mlima kwa gia ndogo anajua injini inavyomshikia gari. Gari lisilo na injini halina msaada huo hata kidogo. Na kama Series III yako ina busta ya breki, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, busta hiyo hufanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Pasipo injini pedali inakuwa ngumu kama unakanyaga kizingiti. Breki za maji bado zinakamata, kwa sababu masta silinda na mabomba vimebaki, lakini zinataka mguu wenye nguvu na umbali mrefu zaidi. Anayekaa nyuma ya usukani wa gari linalovutwa awe dereva kamili, tena aijaribu hiyo pedali uani kabla ya kutoka getini. Si nafasi ya mtoto wa fundi.

Sasa propela. Gia boksi ikishatoka, propela mbili zinabaki zimefungwa kwenye difu, ncha zake nyingine zikining'inia. Desturi niliyoikuta gereji nyingi ni kuzifunga kwenye chasisi kwa waya au kwa raba za mpira wa ndani wa tairi. Hii ni hatari kubwa, na sababu yake si ngumu kuiona. Magurudumu yakizunguka, difu inazunguka, na difu ikizunguka propela inazunguka nayo. Tairi la 7.50-16 linakwenda karibu mita mbili na nusu kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mwendo wa baiskeli inayoteremka, propela inazunguka zaidi ya mara 900 kwa dakika. Waya gani utaishika? Utakatika ndani ya mita chache, kisha bomba hilo la chuma litaanza kupiga chasisi, mabomba ya breki na sakafu. Ya nyuma ikidondoka ncha yake ya mbele ikachoma lami, inaweza kuliinua gari.

Dawa yake ni nati nne kila propela. Kwenye difu kuna flanji, sahani ya kuungia propela, yenye bolti nne za vipimo vya inchi, na spana yake ni 9/16. Spana za milimita hazikai sawasawa, na ndizo zinazoharibu vichwa vya nati, kwa hiyo tafuteni ya inchi. Piga alama ya rangi kwenye flanji na kwenye propela ili siku ya kurudisha zikae kama zilivyokuwa, fungua, toa, weka propela ndani ya gari. Ni kazi ya nusu saa. Kama habu za mbele ni zile za kuachanisha gurudumu na ekseli, ziachanishe, lakini propela ya mbele itoe vilevile.

Mbele ya gari itakuwa imeinuka. Springi zilizozoea kubeba injini sasa zimebeba hewa, kwa hiyo magurudumu ya mbele yanadunda kwenye mashimo na breki zake ni rahisi kukaza na kuteleza. Usipakie injini, gia boksi na vyuma vingine nyuma ya gari hilohilo, maana utaiinua mbele zaidi na usukani utakuwa unaelea. Tairi la akiba likiwa juu ya boneti, liache hapohapo. Series III ina kufuli ya usukani kwenye swichi ya ufunguo, kwa hiyo ufunguo uwepo na usukani uwe huru. Aliyepoteza ufunguo ashughulikie hilo kwanza.

Kuna vitu vidogo viwili ambavyo huachwa. Bomba la petroli lililokuwa linaingia kwenye pampu ya injini limebaki wazi, lizibwe. Waya mnene wa stata umebaki unaning'inia, ufungwe tepu vizuri kabla hujaunganisha betri, na betri inahitajika kwa sababu ya honi, indiketa na taa za breki.

Kamba sikubaliani nayo kwa gari la namna hii, hata kwa safari ya mtaa mmoja. Kamba inavuta tu, haizuii. Gari la mbele likikanyaga breki, la nyuma lisilo na injini linakuja lote mgongoni kwake. Tumia chuma kigumu chenye pini pande zote mbili, kilichoshikwa kwenye chasisi. Kwenye bampa au springi haifai. Uingereza, ambako magari haya yanatoka, sheria inataka nafasi kati ya gari linalovuta na linalovutwa isizidi mita 4.5, na ukipita mita 1.5 kiungo kiwe kinaonekana wazi. Ni kipimo kizuri kukifuata popote. Gari la mbele liwe zito kuliko la nyuma. Mwendo usizidi kilomita 30. Baada ya kilomita mbili au tatu simameni, mguse dramu za magurudumu kwa mgongo wa mkono. Ikiwa moja ni ya moto na nyingine baridi, silinda ya breki imeganda kwa kukaa muda mrefu, na safari iishie hapo.

Kuna barabara ambazo sitashauri mtu avute gari hili kwa magurudumu yake, hata akiwa na chuma bora na dereva bora. Mteremko wa kutoka Karatu kushukia Mto wa Mbu ni mmojawapo. Kitonga ni mwingine. Hapo kodi Fuso, upakie gari, ulifunge kwa minyororo kwenye chasisi, pande nne. Gharama inauma, naijua, lakini kwenye kona zile uzito wa tani moja usio na injini unakuwa umeachiwa breki za dramu zilizotengenezwa miaka hamsini iliyopita.

Mkifika, dereva wa nyuma abaki ameikanyaga breki. Msaidizi aweke vigingi kwanza, mbele na nyuma ya tairi, kwa magurudumu mawili, kisha dereva aachie pedali taratibu mpaka gari liegemee. Likishaegemea na kutulia, ndipo pini ya chuma inachomolewa.